Neno "interest": riba, haki, maslahi au nia?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni karani katika ofisi ya mawakili hapa Posta, Dar es Salaam. Nimepewa makaratasi matatu niyaweke katika Kiswahili: mkataba wa mkopo wenye rehani ya nyumba, muhtasari wa kikao cha bodi ya kampuni, na barua ya kampuni hiyohiyo kwenda kwa taasisi iliyotangaza zabuni. Neno "interest" limo katika yote matatu. Nilianza kwa kuandika "riba" kila nilipolikuta, mpaka nikafika mahali ambapo mjumbe wa bodi "ametangaza riba yake katika zabuni", bosi akacheka. Nikafungua kamusi, nikakuta maneno mengi yamepangwa bila kuambiwa lipi linakaa wapi. Je, neno hili lina maana ngapi hasa, na nitajuaje ni ipi inayokusudiwa?

Jibu: Marahaba, na pole kwa kazi. Bosi wako amecheka, lakini kosa hilo lina sababu yake. Riba ndiyo maana ambayo mkazi wa Dar es Salaam hukutana nayo mapema zaidi, kwenye matangazo ya benki, kwenye mikopo ya simu na kwenye vikao vya vikoba, na mtu akishalizoea neno katika sura moja hulidhania kuwa na sura hiyo kila aendako. Katika Kiingereza cha ofisini nomino hii ina maana nne kubwa. Ya kwanza ni riba, yaani malipo ya kutumia fedha ya mwenzio. Ya pili ni haki au sehemu aliyonayo mtu katika mali. Ya tatu ni maslahi, yaani lile linalomnufaisha mtu au kumgusa kwa namna ambayo hawezi kusimama pembeni kama mtazamaji. Ya nne ni hamu au nia ya mtu kwa jambo fulani. Kiingereza kimezikusanya zote chini ya dari moja, ilhali Kiswahili kimezipa kila moja nyumba yake, na ndiyo maana mfasiri hawezi kuchagua neno moja mwanzoni mwa kazi na kulishikilia mpaka mwisho.

Kabla hujarudi kwenye kamusi, tazama mambo matatu yanayolizunguka neno lenyewe: kihusishi kinacholifuata, idadi yake, na kitenzi kinacholibeba. Likifuatwa na "on", kama katika "interest on the loan", karibu daima ni riba, kwa kuwa riba hukaa juu ya kiasi fulani cha fedha. Likifuatwa na "in", tazama kinachokuja baadaye: ikiwa ni mali, kama nyumba, kiwanja au kampuni, huenda ni haki au hisa, ikiwa ni jambo la kufanya au kujifunza, kama muziki au historia, ni hamu. Likikaa ndani ya fungu la maneno kama "in the interest of" au "in our interests", ni maslahi. Kuhusu idadi, riba katika Kiingereza haina wingi wala haitanguliwi na neno "an". Kwa hiyo ukikuta "interests", futa riba mawazoni mwako papo hapo. Vitenzi navyo vina tabia zao. Riba hutozwa, hulipwa, huongezeka na hulimbikizwa. Haki katika mali hushikwa, hununuliwa na huhamishwa. Maslahi hulindwa na hutangazwa. Hamu huoneshwa na hupotea. Sentensi kama "He has an interest in the company" yaweza kumaanisha kwamba bwana huyo ana hisa au kwamba kampuni hiyo inamvutia tu, lakini ukisoma "holds" au "acquired" mahali pa "has", shaka imekwisha.

Sasa tuanze na riba, kwa sababu ndiyo iliyoujaza mkataba wako na ndiyo yenye mitego inayogusa mifuko ya watu. Neno la Kiingereza limetoka katika Kilatini, ambako lilikuwa kitenzi kilichoundwa kwa "inter", yaani kati, na "esse", yaani kuwa. Maana yake ilikuwa kwamba jambo fulani linahusu au linaleta tofauti. Wanasheria wa Kirumi walilitumia kutaja hasara ya mtu ambaye hakutimiziwa ahadi, yaani ile tofauti kati ya hali aliyonayo na hali ambayo angekuwa nayo kama mwenzake angetimiza wajibu. Katika Ulaya ya zama za kati Kanisa lilikataza kabisa kula faida ya mkopo, lakini lilikubali kwamba aliyecheleweshewa fedha zake alipwe fidia ya hasara hiyo, na fidia hiyo ndiyo iliyobeba jina hili. Polepole jina la fidia halali likahamia kwenye malipo yote yaliyoruhusiwa na sheria. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1545 iliyoruhusu riba isiyozidi asilimia 10 kwa mwaka, ikaifuta mwaka 1552, kisha ikairudisha mwaka 1571. Kwa njia hiyo Kiingereza kikabaki na maneno mawili: "interest", lenye heshima zake, na "usury", lenye aibu.

Kiswahili hakina mgawanyo huo. Riba, neno tulilolipata kutoka Kiarabu lenye maana ya ongezeko, linabeba halali ya benki na haramu ya msikitini kwa wakati mmoja, na tukisema fulani anakula riba, hatumsifu. Jambo hili halikuzuii kulitumia katika mkataba wa benki, kwani ndilo neno rasmi. Hata Benki Kuu ya Tanzania, ilipoanza Januari 2024 kuendesha sera ya fedha kwa kiwango chake elekezi, ilikiita Riba ya Benki Kuu na kukiweka kwenye asilimia 5.5. Ugumu utaupata pale ambapo maandishi ya Kiingereza yanapambanisha maneno hayo mawili, yakisema kwamba jambo fulani ni "usury" na wala si "interest" ya kawaida. Hapo ongeza sifa: riba ya kinyonyaji, au riba ya kupindukia. Mtaani tayari watu wana jina lao, mikopo ya kausha damu, jina ambalo halihitaji maelezo ingawa halifai kuingia katika mkataba.

Wapo wanaoliogopa neno riba na kuandika "faida" ili karatasi isomeke kwa upole zaidi, na vikundi vingi vya kuweka na kukopa hufanya hivyo. Siwashauri mawakili wawafuate. Faida ni neno la biashara, lenye maana ya kinachobaki baada ya gharama, na katika hesabu za kampuni maneno yote mawili hukaa katika mstari mmoja: "profit before interest and tax" ni faida kabla ya riba na kodi, na aliyekwishatumia "faida" kwa yote mawili atajikuta anaandika faida kabla ya faida. Kinyume chake pia ni kweli. Katika mikataba ya benki zinazofuata sharia ya Kiislamu, ambako benki hununua kitu na kumuuzia mteja kwa bei ya juu iliyotajwa wazi, au ambako mwenye akiba hugawana na benki kilichopatikana, kuandika "riba" ni kuuvunja mkataba wenyewe, kwa sababu kutokuwapo kwa riba ndiyo msingi wake. Huko andika faida au gawio, kulingana na jinsi mkataba ulivyopangwa.

Jambo la kuangalia zaidi ni maneno yanayoambatana na riba, kwa kuwa asilimia peke yake haisemi inapigwa juu ya nini. Tuseme mtu amekopa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, na mkataba unasema riba ni asilimia 24 kwa mwaka. Ikiwa inatozwa "flat", yaani juu ya mkopo wote wa mwanzo bila kujali kiasi kilichokwisha kurudishwa, riba yote itakuwa shilingi 288,000. Ikiwa inatozwa "on the reducing balance", yaani juu ya salio linalopungua, na mkopaji anarudisha shilingi 100,000 za mkopo wenyewe kila mwezi pamoja na riba ya asilimia 2 ya salio, basi mwezi wa kwanza atalipa riba ya shilingi 24,000, wa pili 22,000, na kuendelea kushuka hadi shilingi 2,000 mwezi wa mwisho. Jumla ni shilingi 156,000. Asilimia ni ileile, lakini tofauti ni shilingi 132,000. Mfasiri anayeliacha neno "flat" kwa kudhani ni pambo la uandishi amemwondolea mkopaji maneno aliyoyahitaji kuliko yote. Mimi huandika kwa urefu bila kuona haya: "riba inayokokotolewa juu ya mkopo wote wa awali kwa muda wote wa mkopo". Mkopaji wa Tandika hatalalamika kwamba sentensi ni ndefu.

Misemo mingine ya ukoo huu ni myepesi. "Accrued interest" ni riba iliyolimbikizwa hadi tarehe inayotajwa. "Default interest" ni riba ya kuchelewa kulipa. "Compound interest" watu wote huielewa ukisema riba juu ya riba. Na mkopo wa "interest-free" ni mkopo usio na riba, kama ile ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Tuje kwenye haki katika mali, maana ambayo naamini ndiyo iliyokusumbua katika vifungu vya rehani. Mwanasheria wa Kiingereza akisema mtu ana "interest" katika nyumba, hasemi lazima kwamba mtu huyo ndiye mwenye nyumba. Mwenye hati, mpangaji, benki inayoshikilia hati kama dhamana, mjane aliyeachiwa nyumba akae humo maisha yake yote, kila mmoja ana yake, tena zote zaweza kuwapo juu ya nyumba moja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo usiandike "umiliki". Hapa kwetu kosa hilo ni kubwa maradufu, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na imekabidhiwa kwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Alichonacho mwananchi ni haki ya kuitumia na kuikalia, ambayo kwa hati hutolewa kwa muda usiozidi miaka 99. Neno salama ni "haki", likifuatwa na maelezo ya haki gani: haki juu ya ardhi, haki ya dhamana kwa ile wanayoiita "security interest", haki ya kutumia mali kwa maisha yote kwa "life interest". Wapo wanaoandika "maslahi katika ardhi", na utaliona katika matangazo ya mirathi na ya fidia yanayomwita "mtu yeyote mwenye maslahi". Katika tangazo linafaa, kwa sababu linataka kumwita kila mtu hata yule ambaye haki yake haijajulikana. Katika mkataba unaotaja haki iliyo wazi, naona linalegeza mambo.

Kwenye kampuni, "interest" ikiambatana na asilimia, kama "a 30 per cent interest", andika hisa asilimia 30, au sehemu ya asilimia 30 ikiwa ni ubia usio na hisa. "Controlling interest" ni hisa zinazotosha kumpa mtu mamlaka ya kuamua mambo ya kampuni. Ukishughulika na mahesabu ya zamani utakuta "minority interest", ambayo viwango vya kimataifa vya uhasibu viliibadilisha mwaka 2008 kuwa "non-controlling interest". Zote mbili zinataja sehemu ya wanahisa wasio na udhibiti.

Bima nayo ina matumizi yake yaliyo kati ya haki na maslahi. Kanuni ya "insurable interest" inamtaka anayekata bima awe mtu ambaye ataumia kweli kitu kikipotea au mtu akifa. Uingereza iliiweka kanuni hiyo katika sheria ya bima ya maisha ya mwaka 1774, baada ya watu kuifanya bima kuwa mchezo wa kamari kwa kukatia bima maisha ya watu mashuhuri wasiowahusu kwa lolote, kisha kungoja wafe. Katika Kiswahili sema maslahi yanayomwezesha mtu kukata bima. Ni kirefu, lakini kinasomeka.

Maslahi ndiyo maana ya tatu, na ndiyo iliyomchekesha bosi wako. Mjumbe wa bodi anayesema "I declare an interest" anawaeleza wenzake kwamba katika jambo linalojadiliwa yeye si mtu baki: pengine ana hisa katika kampuni inayoomba kazi, pengine mwombaji ni shemeji yake, pengine aliwahi kulipwa na mwombaji huyo. Kiswahili chake kinachokubalika ni kutangaza maslahi, na ukifuatilia mijadala ya Bunge utamsikia mbunge akianza kuchangia kwa kutangaza maslahi yake, ingawa wengine hulitia neno la Kiingereza palepale katikati ya sentensi na wenzao hawashtuki. Tatizo moja dogo ni kwamba maslahi kwa msikilizaji wa Kiswahili hunukia manufaa, na anayetangaza maslahi huweza kuonekana kama anakiri kwamba anakula mahali. Kiingereza hapa hakina harufu hiyo. Uhusiano wowote unatosha, hata ule ambao ungemletea mtu hasara. Kwa sababu hiyo, muhtasari ukieleza uhusiano wenyewe, uandike waziwazi: "Mjumbe alitangaza maslahi yake katika zabuni hiyo, kwa kuwa ndugu yake ni mkurugenzi wa kampuni mojawapo iliyoomba, kisha akatoka katika chumba cha mkutano." Msomaji hatabaki na shaka ya bure juu ya mtu wa watu.

"Conflict of interest" imekwisha kukaa katika Kiswahili kama mgongano wa maslahi, na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 pamoja na Sekretarieti inayoisimamia zimelifanya neno hilo lijulikane hata kwa wasiosoma sheria. Usijaribu kubuni jingine. "Public interest" ni maslahi ya umma, lakini angalia tofauti ambayo Kiingereza huificha ndani ya maneno yanayofanana sana: "in the public interest" ni kwa maslahi ya umma, ilhali "of interest to the public" ni jambo ambalo watu wanapenda kulisikia tu. Habari ya daraja lililojengwa chini ya kiwango inahusu maslahi ya umma hata kama hakuna anayeisoma. Habari ya msanii aliyeachana na mkewe inapendwa na umma, na sisi tuna neno lake tayari, udaku. Mfasiri aliyeandika "maslahi ya umma" kwa zote mbili ameupa udaku cheo kisicho chake.

Yapo mafungu ambayo maslahi huingia kwa nguvu mahali ambapo Kiswahili kingesema vinginevyo. "In the interests of justice", ambalo mahakama hulitumia sana, hutafsiriwa "kwa maslahi ya haki", na kila nikilisoma najiuliza haki inanufaikaje. Mswahili husema "ili haki itendeke", na tangu marekebisho ya sheria ya 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, sioni sababu ya kuendelea kuandika kama waliofungwa kamba na Kiingereza. "In the interest of time", ambalo kiongozi wa mkutano hulisema akitaka kukatisha mjadala, ni "kwa kuwa muda ni mfinyu". Kuhusu mtoto, Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, na Sheria ya Mtoto ya 2009 vyote vinataka "best interests of the child" yatangulizwe. "Maslahi bora ya mtoto" limekwisha kuenea na huwezi kulifuta, lakini unapomwandikia mzazi barua, "lile lililo bora kwa mtoto" humfikia upesi zaidi.

Hapa nataka nikuonye juu ya safari ya kurudi, maana karani wa ofisi ya mawakili hutafsiri pande zote mbili. Maslahi katika Kiswahili cha Tanzania yamejitanua kuliko neno la Kiingereza. Wafanyakazi wanapodai maslahi siku ya Mei Mosi, au walimu wanaposema maslahi yao ni duni, wanazungumzia mishahara, posho, kupanda daraja na mafao ya kustaafu. Ukiandika "teachers' interests", msomaji wa Kiingereza atadhani unazungumzia mambo yanayowahusu walimu kwa jumla, au hata mambo wanayoyapenda. Hapo andika "pay and benefits". Na mtu akiacha kazi "kwa sababu ya maslahi madogo", usithubutu kuandika "small interest", kwa kuwa msomaji atatafuta mkopo ambao haupo.

Maana ya nne, hamu na nia, sitaikalia sana, ila itakuhusu katika ile barua ya tatu. "Expression of interest" katika manunuzi ni hatua ambayo kampuni hujitokeza kabla ya kuleta zabuni kamili, na maneno yanayotumika ni kuonesha nia. Maana yake ni kwamba kampuni ingependa kufikiriwa. Haijafunga ahadi yoyote, wala haijataja bei. Usiandike "shauku", ambalo ni neno la moyo na la mashairi, wala "hamu", ambalo kwa wengi wetu huenda na chakula au na mtu tuliyemkosa siku nyingi. Katika wasifu wa mwombaji kazi, sehemu yenye kichwa "Interests" ni mambo anayoyapenda. Sentensi ya kila siku kama "I lost interest" Kiswahili huigeuza kabisa, tukasema hamu ilinitoka, au kilinichosha, kutegemea kilichotokea. Vijana wa mjini husema "nina intresti naye" wakimaanisha wanampenda mtu, na mtaani hakuna anayewasahihisha.

Sifa mbili zilizozaliwa na nomino hii huwachanganya hata Waingereza wenyewe. "Uninterested" ni mtu ambaye jambo halimvutii, lakini "disinterested", katika maandishi ya uangalifu, ni mtu asiye na maslahi, kwa hiyo anafaa kuamua kwa haki. Mwamuzi wa mgogoro anatakiwa awe wa aina ya pili na asiwe wa aina ya kwanza. Kadhalika, "interested party" katika shauri la mahakamani ni mwenye maslahi katika shauri, na "interested witness" ni shahidi mwenye maslahi, ambaye ushahidi wake hupimwa kwa tahadhari. Hakuna mmoja kati yao ambaye ni mtu "anayevutiwa".

Misemo michache haifuati kanuni yoyote, basi ijue ilivyo. "Person of interest" katika taarifa za polisi ni mtu anayehitajika kwa mahojiano, na kumwita mtuhumiwa ni kumwongezea mzigo ambao polisi hawajamtwika. "Points of interest" katika ramani ya jiji ni vivutio. "Vested interest" katika siasa ni maslahi binafsi anayoyalinda mtu, lakini katika wosia ni haki ambayo imekwisha kuwa ya mrithi bila kungoja sharti lingine litimie. "With interest" huweza kuwa kwa makini, kama mtu alisikiliza, au pamoja na riba, kama mtu alilipa. Na kwa anayelipiza kisasi, huwa amerudisha na ziada juu.

Turudi kwenye makaratasi yako, tuchukue sentensi ya aina inayopatikana karibu katika kila mkataba wa rehani: "The Lender's interest in the Property shall continue until the principal and all interest thereon have been paid." Neno limetokea mara mbili, likifuatwa mara ya kwanza na "in" pamoja na mali, na mara ya pili na "thereon", ambalo ni "on" lililovaa joho la kisheria. Tafsiri yake ni hii: "Haki ya mkopeshaji juu ya mali iliyowekwa rehani itaendelea kuwapo mpaka mkopo wenyewe pamoja na riba yake yote vitakapokuwa vimelipwa." Kama ungeweka riba mahali pote pawili, benki ingekuwa na riba ndani ya nyumba ya watu.

Lililobaki ni la utaratibu. Mikataba mingi huwa na kifungu cha ufafanuzi mwanzoni, na humo neno likipewa herufi kubwa, "Interest", huwa limefungwa kwenye maana moja tu kwa mkataba mzima, kwa kawaida riba, huku "Security Interest" likipewa ufafanuzi wake peke yake na "interest" la herufi ndogo likiachwa huru. Anza kazi yako na kifungu hicho, amua Kiswahili cha kila neno lililofafanuliwa, umpelekee wakili akiidhinishe kabla hujagusa kifungu kingine chochote, kisha usibadilishe neno hata pale sikio lako litakapokuambia kwamba umelirudia mno. Na mkataba ukisainiwa katika lugha zote mbili, muulize wakili ni nakala ipi itakayotawala zikitofautiana, ikiwa hakuna kifungu kinachosema hivyo.